Minervali Inaingia, Minervali Inatoka: Mezani kwa Mama wa Mapasa



Ukurasa huu tunauandika sisi saba wa darasa la sita, wavulana wanne na wasichana watatu. Tangu trimestri hii ianze, kuna bare mpya imefunguliwa mu avenyu ya nyuma ya masomo yetu, upande wa Katuba, na habari yake imejaa vinywani mwa watu kupita habari ya intero ya hesabu. Wengine wanasema ni fasi nzuri ya kula. Wengine wanasema ni shimo limechimbwa mbele ya mlango wetu ili tutumbukie. Lakini wengi wa wale wanaosema hawajafika kule hata siku moja. Basi tulimwendea Direkteri wa disiplini, tukamwomba ruhusa twende tujionee wenyewe. Alitutazama mmoja mmoja, kiisha akajibu: «Muende siku ya posho, saa sita na nusu, bila mavazi ya masomo, na wazazi wenu wajue. Mukirudia mutaandika yote mu gazeti, mazuri na mabaya. Na bia, hapana.» Ndiyo maana mnasoma maneno haya.

Yule asiyepajua atafute mwembe mkubwa wa pili toka kisima. Hapo kulikuwa kiwanja kitupu mu lupango ya mama mmoja ambaye kartie nzima inamwita mama wa mapasa. Leo kuna turubai ya bulu imefungwa ku miti minne, meza sita, viti vya plastiki karibu ishirini, frigo moja inayosinzia kila mara umeme ukikatika, na redio yenye sauti kubwa kupita mwili wake. Ku ukuta fundi wa rangi ameandika kwa herufi nyekundu yale maneno ambayo wakaaji wa Lubumbashi wanayajua kwa muda mrefu: Crédit amekufa, wabaya wa kulipa wamemuua. Jina la bare yenyewe halijaandikwa bado, rangi iliisha. Batu wanasema tu: «kwa mama wa mapasa».

Mapasa wenyewe tunawajua. Mmoja, mvulana, anasoma hapa pamoja nasi, darasa la nne. Mwingine, msichana, alisoma naye mpaka mwisho wa darasa la tatu, na wale waliokaa naye banki moja wanakumbuka kama alikuwa anamzidi ndugu yake mu alama. Mwaka huu hakurudi. Minervali ilipatikana ya mtu mmoja.

Tulipofika, mama alitupokea mwenyewe, kitenge kimefungwa kiunoni, mikono ina unga. «Karibuni, batoto bangu. Munakuya kula, ao munakuya kunichunguza?» Mmoja wetu ambaye haogopi kitu akajibu: «Yote mbili, mama.» Akacheka sana, akatuonyesha meza ya kivulini.

Chakula hakiandikwi fasi yoyote, mama anakitaja kwa kichwa: bukari na sombe, bukari na tomsoni ya kukaanga, bukari na kapenta. Kuanzia saa kumi kunakuwa pia michopo ya mbuzi juu ya makala. Sahani moja ni franka 5 000, na mwenye njaa kubwa anaongezewa bukari pasipo kulipa. Bukari yake ni ya mahindi, amechanganya na unga wa muhogo kidogo, inashikamana vizuri bila kuwa ngumu. Sombe ilitwangwa asubuhi ile ile, akaipika na mawese, vitunguu na karanga. Tomsoni ilikuwa kavu inje na laini ndani, na pilipili iliwekwa pembeni ili kila mtu ajipimie dhambi yake. Wasichana wetu watatu, ambao ndio wapishi ku nyumba zao, walisema chumvi ya sombe ilizidi kidogo, lakini kwa mengine hakuna neno. Wavulana hawakusema kitu, vinywa vilikuwa na kazi.

Kwa kunywa tulichukua chupa nne za sukre na kopo mbili za munkoyo. Kwa walimu wetu waliotoka mbali, munkoyo ni kinywaji cha huku Katanga. Unapika unga wa mahindi kama uji mwepesi, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na uji unageuka kuwa maji mepesi yenye utamu. Kikikaa siku moja kinaburudisha. Kikikaa siku nyingi kinakuwa kikali na kinaanza kulevya. Cha mama kilikuwa cha jana, tulikionja na tulitembea sawasawa.

Yule wa saba wetu aliomba maji tu. Sahani yake ilipoletwa, aliisukuma pole pole mbele ya mwenzake. Tulidhani anaumwa tumbo. Habari yake itakuja.

Aliyetuletea beseni ya kunawa ndiye yule msichana, pasa wa pili. Alitusalimu kila mmoja kwa jina lake. Kiisha akauliza, sawasawa na mtu anayeuliza habari za nyumbani: «Balimu ba hesabu, bamefika wapi mu darasa la ine?» Tukamwambia hatujui, sisi tuko mu la sita. Akasema: «Haizuru. Nitaangalia mu kaye ya ndugu yangu.» Nyuma ya frigo tuliona kaye mbili zimefunikwa na gazeti kuukuu. Kila jioni, ndugu yake akirudia, yeye anaandika tena masomo ya siku nzima kati ya chupa na chupa. Na mu daftari ya bare, ni yeye anayefanya hesabu ya mama.

Ilipokaribia saa nane, wanaume walianza kuingia, wawili, watatu, watano. Fasi ilibadilika. Redio ilipandishwa, kiti kimoja kilianguka, na chupa kubwa zikapanga mstari ku meza. Hatukuona ugomvi, tusiseme uongo. Tuliona watu wamechoka na juma, wanacheka, na mmoja ambaye alihesabu makuta yake mara tatu mbele ya kuita chupa ya ine, kiisha akaiita. Mwingine alitutambua. «Batoto ba masomo ya mission! Bia inawaogopesha? Mama, leta chupa mbili pale, nitalipa mimi.» Mama akajibu toka jikoni, bila kugeuka: «Ba masomo hawanywi kwangu.» Yule mtu akakasirika, akasema pesa yake haina harufu. Mama akasema tena maneno yale yale. Akasimama na wenzake wawili, wakaenda ku bare ya ng'ambo ya avenyu. Wateja watatu walipotea juu yetu sisi, na mama akaendelea kugeuza tomsoni.

Hapo tulimwuliza hesabu zake, naye hakuzificha. Binti alileta daftari. Tunaandika kama tulivyoona, ili mwalimu wa hesabu asahihishe kama tumekosea.

Kasie moja ina chupa kubwa 12. Ku depo anainunua kwa franka 30 000, na sherti apeleke vidanji 12, kwa maana asiyeleta chupa tupu analipa na bei ya chupa zenyewe. Kila chupa anauza kwa franka 3 000, inafika franka 36 000. Faida ya kasie ni franka 6 000. Sahani moja ya bukari inamwomba franka 3 500 ya unga, samaki, mawese na makala. Anaiuza kwa franka 5 000, faida ni franka 1 500. Basi sahani 4 ni sawa na kasie moja. Siku za kawaida anauza sahani 10 na kasie 3.

Mmoja wetu akasema: «Mama, sasa uache bia, upike tu.» Mama akamtazama kwa huruma. «Mutoto wangu, sahani ine inaniomba kuamka saa kumi ya usiku, kwenda soko, kutwanga, kuteka maji, kuwasha makala, na kuosha vyombo. Kasie inaniomba kufungua chupa mara kumi na mbili. Tena bukari isiyoliwa leo, kesho ni hasara. Bia isiyonywewa leo, kesho ingali bia.» Kiisha akaongeza: «Chakula kinatulisha. Bia njo inalipa masomo.»

Neno lile lilitufuata njia nzima. Na siku yenyewe tuliyokwenda ina fundisho lake. Sisi huku tunaita samedi siku ya posho, lakini ni wangapi kati yetu wanaofikiri juu ya jina lile? Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa inawagawia wafanyakazi wake posho, ni kusema chakula cha kupimwa. Baba alikuwa anakwenda kazini, na unga ulikuwa unakuja. Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya kampuni ile, na kazi ikaendelea kwa jina jipya, ambalo kiisha likawa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50 000. Mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10 000 waliacha kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa mapenzi. Mwalimu wa historia wa Université de Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, na jina alilokipa linasema kama wana wa Shaba waliachwa na baba yao. Baba yule ni kampuni vilevile.

Tangu siku zile, mu nyumba nyingi za mji huu, franka ya kila siku inatafutwa na mama: maandazi, makala, samaki, na kwa wengine bia. Ni kweli tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali hayaombi tena minervali. Lakini ku sekondari, kama kwetu hapa, wazazi wangali wanalipa, na tarehe ikipita mtoto anarudishwa nyumbani.

Basi njiani mabishano yakawaka. Wa kwanza akasema: «Hakuna neno baya pale. Tumekula, tumelipa, tumeondoka.» Wa pili akaleta harusi ya Kana, kama kawaida ya wale wote wanaotaka kushinda mabishano haya. Wa tatu akamkumbusha kama ku harusi ya Kana hakukuwa mtu aliyekunywa minervali ya mtoto wake. Wa ine akasema wazee wa Kanisa wamemwomba mama asikaribie Meza ya Bwana mpaka atakapoacha kuuza bia, na kwamba ni vigumu kukubali kwa mtu aliyekula sombe yake. Wa tano akajibu kama wazee wale wanazika watu ambao bia imewaua, wanaona wajane, hawasemi maneno ya bure. Wote wawili walikuwa na haki, na kwa sababu hiyo sauti zilipanda zaidi.

Ndipo yule wa saba, ambaye hakula, akasimama katikati ya njia. Tumemwomba ruhusa ya kuandika maneno yake, naye ameikubali.

«Baba yangu anakunywa,» alisema. «Si kwa mama huyu, ni ku bare ingine, lakini chupa ni ile ile. Mwezi wa kumi nilikaa inje juma mbili juu ya minervali. Minervali yangu ilikuwa imepita mu kasie ya mtu. Nilifikiri sana siku zile. Labda mwenye bare ile ana mtoto, na mtoto yule alikuwa amekaa mu darasa wakati mimi nilikuwa inje. Leo nimeuona uso wa mtoto kama yule, anaandika masomo nyuma ya frigo. Siwezi kumchukia mama yake. Lakini kula pia siwezi.»

Tulinyamaza mpaka ku barabara kubwa.

Tunafikiri hakuna mtu aliyesema vizuri kupita yeye. Mu bare ile kuna minervali mbili. Moja inaingia, mu mfuko wa baba anayekuja kunywa. Nyingine inatoka, mu daftari ya mama anayeuza. Wazee wa Kanisa wanaiona ile inayoingia, na inawaumiza. Mama anaiona ile inayotoka, na inamwamsha saa kumi ya usiku. Sisi wanafunzi tunakaa hapa mu mabanki, tunaimba asubuhi, tunalaumu bare, na hatuulizi franka iliyotulipia ilipita mikono ya nani. Hatusemi hivi ili tuitetee bia. Tunasema ili tujue kama kulaumu tu hakumrudishi msichana mu darasa la ine, na kusifu sombe tu hakumrudishii mwenzetu juma mbili alizopoteza.

Siku ya kwanza ya juma, wasichana wawili kati yetu walirudi kwa mama na kalamu. Walimwuliza: kasie 3 za siku ya kawaida ni sawa na sahani ngapi? Binti alijibu mbele ya mama: 12. Na kama masomo yetu, wanafunzi na walimu, wangeleta sahani 12 zaidi kila siku, bila kukosa, wakijulisha mbele ya siku moja ili kisibaki chakula cha kutupa? Mama aliketi. Alisema: «Hapo ningeweza kuacha bia siku za masomo. Siku ya posho sitawadanganya, siwezi bado. Lakini siku tano, ndiyo.» Kiisha akanyamaza kidogo, akaonyesha rundo la sahani. «Lakini muangalie vizuri. Sahani kumi na mbili zaidi zinaomba mikono mingine. Mikono niliyo nayo ni ya huyu.» Alikuwa anamwonyesha binti yake.

Ndiyo kusema, chakula kingeweza kuiondoa bia, lakini kingemfunga msichana jikoni kuliko sasa. Tulirudi tumeinama. Tuliipeleka shida ile mbele ya darasa letu saa ya mapumziko, tukaizungusha kila upande. Si kila mwanafunzi ana franka 5 000, hilo ni la kweli, lakini wawili wanaweza kula sahani moja, na walimu wetu kadha wanatoka bila kula kitu mpaka jioni. Upande wa chakula kunawezekana. Upande wa mikono hakuna aliyekuwa na jibu, mpaka yule wa saba aliposema tena, kwa sauti ndogo: «Kuosha sahani, nani asiyejua?»

Basi, wandugu, tunawaletea mambo mawili, na tunayaleta wazi mbele ya Prefe na ya Direkteri wa disiplini, ambao wamekubali tujaribu kwa juma tatu, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane kasoro robo, siku za masomo tu, na mwalimu mmoja pamoja nasi. Prefe ametuambia tena kama fasi ya msichana mu darasa la ine haijachukuliwa na mtu, na kama anaweza kuingia mwezi wa kwanza ikiwa sehemu ya kwanza ya minervali imelipwa.

Kuna orodha mbili kwa chefu wa darasa la sita. Ya kwanza ni ya wale watakaokula. Andika jina, siku, na sombe ao samaki, mbele ya saa ine ya siku inayotangulia. Ukiandika na usiende, utalipa, kwa maana bukari haingojei. Ya pili ni ya wale watakaoosha vyombo, wawili kila siku, wavulana na wasichana sawasawa. Asiseme mvulana kama hiyo si kazi yake.

Mpaka wakati wa kupiga stensili hii, orodha ya kwanza ina majina 19, matatu ni ya walimu. Ya pili ina majina 5. Jina la kwanza la orodha ya pili ni la mwenzetu wa saba. Ku orodha ya kula hajaandika, na hatumwombi aandike.